Nyerere alivyoukataa mkataba wa Nile bila kugombana na Misri

UKITOKA Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro, ukashuka bonde la Jangwani na kupanda upande wa pili, unaingia Magomeni. Huko, Mtaa wa Ifunda, ipo nyumba ya kawaida ambayo siku hizi ni makumbusho. Ndiyo nyumba aliyoijenga Mwalimu Julius Kambarage Nyerere miaka ya 1950, wakati TANU kikiwa bado chama kichanga na yeye akiwa ameacha mshahara wa ualimu.

Habari za uhuru zilizopikwa katika nyumba ile zinajulikana. Kila mwaka watoto wa shule hupelekwa pale wakasimuliwa. Lakini ipo habari moja ambayo haisimuliwi sana, nayo inamhusu mkulima na mfanyabiashara kuliko hotuba nyingi za majukwaani. Ni habari ya maji ya Ziwa Victoria.

Leo mkulima wa Musoma, Bunda au Magu akitaka kuvuta maji ya ziwa kwa kilimo cha umwagiliaji, kibali anakifuata kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza. Wapo watakaolalamika kwamba hata hapo kuna mlolongo. Sawa. Lakini kuna wakati ambapo serikali ya nchi hii, kabla ya kujenga mradi mkubwa wa maji kwenye ziwa lile, ilitakiwa kwanza kupata ridhaa ya Cairo.

Mwalimu alizaliwa Aprili 13, 1922, Butiama, si mbali na ziwa hilo. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake ni Mgaya wa Nyang'ombe. Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, kisha akaenda Tabora, na baadaye Makerere, Uganda, alikosomea ualimu. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Scotland, akarudi mwaka 1952 na shahada ya uzamili, akaajiriwa kufundisha Pugu.

Alipokuwa bado mtoto wa miaka saba, huko Cairo walikaa watu wawili wakaandikiana barua kuhusu ziwa lililo jirani na kwao.

Mkataba wa 1929

Mei 7, 1929, Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha, na mwakilishi wa Uingereza mjini Cairo, Lord Lloyd, walibadilishana barua zilizogeuka kuwa mkataba. Humo ilikubaliwa kwamba Misri ichukue mita za ujazo bilioni 48 kwa mwaka na Sudan bilioni 4.

Kifungu kilichotuhusu sisi ni kingine. Kilisema kwamba katika Sudan na katika nchi zilizo chini ya utawala wa Uingereza, usijengwe mradi wowote wa umwagiliaji au wa umeme kwenye Mto Nile, matawi yake au maziwa unakotoka, kama mradi huo ungepunguza maji yanayofika Misri, kuchelewesha kufika kwake au kushusha kina chake na kuidhuru nchi hiyo, mpaka serikali ya Misri ikubali kwanza.

Kwa nini Mwingereza alitoa ahadi kubwa namna hiyo? Kwa sababu ya biashara na siasa zake. Viwanda vya nguo vya Lancashire vilihitaji pamba ya Misri, na pamba hiyo haioti kwa mvua bali kwa maji ya Nile. Aidha, Waingereza walikuwa wamefungua mashamba makubwa ya pamba Gezira, Sudan, kwa kutumia bwawa la Sennar lililokamilika mwaka 1925, jambo lililowatia Wamisri wasiwasi. Ilibidi watulizwe.

Mkulima wa Ukerewe hakuulizwa. Wala wa Kisumu au Jinja. Waliokuwa wakiandikiana barua ni mnunuzi wa pamba na mwenye shamba la pamba, na mali waliyoigawana ni ya watu ambao hawakuwa mezani.

Na mkataba haukuwa karatasi tu. Uganda ilipotaka kujenga bwawa la umeme la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, Uingereza ilibidi ijadiliane na Misri kwa miaka kadhaa, na mhandisi wa Misri akawekwa palepale Jinja kuangalia maji yanayoachiwa. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana upya: Misri bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5, huku bilioni 10 zikihesabiwa kwamba zitapotea kwa mvuke. Ukijumlisha unapata 84, ambayo ndiyo hesabu ya maji yote yanayofika Aswan kwa mwaka wa wastani. Nchi za juu hazikuachiwa hata tone.

Mpangaji na mwenye nyumba

Turudi kwa Mwalimu. Mwaka 1953 alichaguliwa rais wa TAA, na Julai 7, 1954, TANU ikazaliwa. Machi 1955 alisafiri hadi New York, Marekani, kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi aliacha kazi ya Pugu. Ndipo maisha ya Magomeni yalipoanza, Mama Maria akiendesha duka dogo kusaidia mahitaji ya nyumbani, kama wafanyavyo akina mama wengi wa mtaa ule hadi leo. Mwaka 1958 alishitakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa.

Safari ile ya New York ina uzito katika habari yetu. Tanganyika haikuwa koloni kamili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Uingereza ilikabidhiwa nchi hii na Shirikisho la Mataifa iitawale kwa niaba, na kuanzia mwaka 1946 iliishika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo Mwingereza hapa alikuwa mdhamini. Mwalimu alilielewa jambo hilo vizuri, kwa sababu ndiyo hoja iliyompeleka New York.

Mtu wa Kariakoo hahitaji kufundishwa maana yake. Mpangaji anaweza kupangisha fremu yake kwa mwingine, na wengi hufanya hivyo, wengine wakidai na kilemba juu. Lakini hawezi kumpangishia mtu milele fremu aliyoikodi kwa miaka mitano. Mkataba wake ukiisha, na wa yule aliyempangishia umekwisha.

Hoja hiyo Mwalimu aliitumia kwanza bandarini, si ziwani. Machi 15, 1921, Uingereza ilikuwa imeipa Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, yaliyoitwa Belbase, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite bila usumbufu. Kodi ya pango ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa mkataba: milele.

Faranga moja! Hata meza ya nyanya huwezi kuipata kwa bei hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 1961 Mwalimu, akiwa Waziri Mkuu, alilieleza Bunge kwamba pango la milele haliwezi kuibana Tanganyika huru, kwa kuwa aliyelitoa alikuwa na mamlaka ya muda tu, na mtu hawezi kutoa kilicho kikubwa kuliko alichonacho. Hakusema kwamba mizigo ya majirani izuiwe. Bandari iliihitaji mizigo ile, na mpaka leo shehena ya Kongo, Rwanda na Burundi ni sehemu kubwa ya riziki ya mawakala, madereva na makuli wa Dar es Salaam. Alichokataa ni karatasi.

Miaka miwili

Ilibaki mikataba mingine mingi: ya posta, ya usafiri wa anga, ya kubadilishana wahalifu, ya biashara. Nchi changa inapewa uhuru usiku, asubuhi inakuta daftari la madeni la mwenye duka aliyeondoka. Afanyeje mrithi?

Uingereza ilikuwa na desturi yake. Ilizitaka nchi zilizopata uhuru zitie saini kwamba zinarithi mikataba yote iliyofungwa kwa niaba yao. Baadhi zilitia saini. Njia nyingine ilikuwa kufuta yote kwa mkupuo, kuanza na daftari jeupe. Hiyo ingependeza jukwaani, lakini nani angekukopesha kesho? Tanganyika iliishi kwa kuuza mkonge, pamba na kahawa nje. Mnunuzi wa nje anataka kujua kwamba unaheshimu maandishi.

Mwalimu alichagua katikati. Novemba 30, 1961, siku chache kabla ya uhuru, alilitangazia Bunge, na baadaye Desemba akamwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwamba Tanganyika itaendelea kuitekeleza mikataba ya nchi mbili kwa muda wa miaka miwili tangu siku ya uhuru, kwa sharti kwamba upande wa pili nao uitekeleze. Ndani ya muda huo kila mkataba utapitiwa, na anayetaka uendelee aje mazungumzo yafanyike. Miaka miwili ikiisha, usiokuwa na makubaliano mapya utahesabiwa umekufa, isipokuwa ile ambayo sheria ya kimataifa yenyewe inasema hurithiwa.

Wanasheria wakaupa utaratibu huo jina: Kanuni ya Nyerere. Uganda na Kenya zilipopata uhuru zilitoa matamko yanayofanana nao.

Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba ulihamisha mzigo. Aliyekuwa akinufaika na mkataba wa zamani ndiye sasa alipaswa kuondoka kitini aje kuomba. Mwenye mali alikaa akisubiri.

Kwa mkataba wa Nile hata hiyo miaka miwili haikungojwa. Julai 4, 1962, serikali ya Tanganyika iliziandikia serikali za Uingereza, Misri na Sudan. Hoja ilikuwa fupi: mkataba wa 1929 ulizihusu nchi zilizo chini ya utawala wa Uingereza, na Tanganyika haimo tena katika nchi hizo, hivyo haubanwi nao. Papo hapo barua ikaongeza kwamba Tanganyika inatambua umuhimu wa maji ya Nile kwa nchi zote za bonde lake, na iko tayari kuzungumza nazo namna bora ya kuyatumia na kuyagawana.

Ikumbukwe kwamba siku barua ile inaandikwa Mwalimu hakuwa na cheo serikalini. Alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 22, 1962, akazunguka vijijini kuimarisha TANU, na kiti akamwachia Rashidi Kawawa. Hivyo iliyoiandika barua ni serikali ya Mzee Kawawa, ingawa hoja ilikuwa ya Mwalimu. Wanaompa mmoja peke yake sifa zote wanamdhulumu mwingine. Desemba 9, 1962, Mwalimu alirudi akiwa Rais wa Jamhuri.

Misri ilijibu mwishoni mwa mwaka 1963. Ilisema kwamba mpaka makubaliano mengine yapatikane, mkataba wa 1929 unaendelea kuwa halali. Kila upande ukabaki na barua yake mkononi.

Kungeweza kuwa na ugomvi. Haukuwepo. Misri ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa mshirika katika kupigania ukombozi wa Afrika, na Julai 1964 Mwalimu alikuwa Cairo kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambako ndiye aliyewasilisha azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Hapo ndipo werevu wake unapoonekana, na pia ugumu wa msimamo wake. Mipaka ya mkoloni ibaki, mikataba ya mkoloni ihojiwe. Alionelea kwamba kugusa mipaka kungeleta vita, lakini kuhoji mikataba kungeleta mazungumzo.

Msimamo huo ulimbana mwenyewe kwenye Ziwa Nyasa. Mapema miaka ya 1960 serikali ilikuwa imekiri bungeni kwamba mpaka upo ufukweni, upande wetu. Mwaka 1967 Tanzania ikaiandikia Malawi kudai kwamba mpaka upite katikati ya ziwa. Rais Kamuzu Banda alikataa katakata, na jambo hilo halijapata ufumbuzi hadi leo. Wavuvi wa Kyela na Mbamba Bay wanajua. Diplomasia ile ile iliyosaidia kaskazini haikufua dafu kusini.

Haki bila bomba

Sasa tuseme ukweli ambao wasifu nyingi za Mwalimu huuruka. Haki ya maji ilipatikana mwaka 1962, lakini maji yenyewe hayakwenda shambani. Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ambaye kupitia vyama vya ushirika vilivyounganishwa na Paul Bomani mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa wakulima waliojipanga vizuri Afrika Mashariki, aliendelea kutazama mawingu. Ziwa analiona, pamba inanyauka.

Sababu ilikuwa fedha. Miradi mikubwa ya maji ilihitaji mikopo ya nje, na wakopeshaji wakubwa hawakutaka kuweka fedha kwenye mradi ambao Misri ingeulalamikia. Kwa hiyo mkataba uliokataliwa kwa barua uliendelea kufanya kazi kupitia benki.

Mwalimu alijaribu njia ya ushirikiano. Kuanzia mwaka 1967 Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na Misri zilishirikiana katika mradi wa kupima mvua na maji ya maziwa ya juu. Ulianzishwa baada ya mvua kubwa za 1961 zilizopandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili na kumeza mashamba na magati. Agosti 24, 1977, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini Rusumo kuunda shirika la kuendeleza bonde la Mto Kagera, ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani. Mipango ilikuwa mingi, fedha kidogo, kisha ikaja vita na Idi Amin ya 1978 hadi 1979 na hali ngumu ya uchumi. Shirika lile lilivunjwa mwaka 2004. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa nchi tatu, umekuja miaka ya karibuni tu.

Mwalimu alistaafu urais Novemba 1985, akarudi Butiama kulima. Februari 22, 1999, mawaziri wa maji wa nchi za Nile walikutana Dar es Salaam na kuanzisha Mpango wa Bonde la Nile, Misri ikiwamo. Mazungumzo yaliyoombwa katika barua ya 1962 yakawa yameanza, miaka 37 baadaye, katika jiji lile lile ilikotoka barua. Oktoba 14 mwaka huo Mwalimu alifariki dunia London.

Mtihani halisi wa barua ile ulikuja mwaka 2004. Serikali iliamua kuvuta maji kutoka Ihelele, Mwanza, hadi Shinyanga na Kahama, Edward Lowassa akiwa Waziri wa Maji. Misri ililalamika, ikitaja mkataba wa 1929. Tanzania ilijibu kwa hoja ya zamani, safari hii ikiwa na kitu cha ziada: mradi uliendeshwa kwa fedha zake yenyewe, hivyo hapakuwa na mkopeshaji wa kutishwa. Maji yalizinduliwa mwaka 2009 na Rais Jakaya Kikwete. Mwaka 2021 bomba lilikuwa limefika Tabora, mji ambao Mwalimu alisoma sekondari na baadaye kufundisha, na ambao shida ya maji ilikuwa sehemu ya maisha yake.

Misri nayo isibezwe. Ni nchi ya jangwa, haina mto mwingine, na mkulima wake akikosa Nile hana mvua ya kumwokoa. Pia, sehemu kubwa ya maji yanayofika Aswan, kama asilimia 85, hutoka milima ya Ethiopia, si Ziwa Victoria. Ndiyo maana ugomvi mkali wa miaka hii ni wa bwawa la Ethiopia, na bomba la Shinyanga halisikiki tena huko Cairo.

Mei 14, 2010, pale Entebbe, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilisaini mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde lote, unaotaja matumizi ya haki kwa kila nchi. Kenya na Burundi zikafuata. Sudan Kusini ilipouridhia mwaka 2024 idadi inayotakiwa ikatimia, na Oktoba 13, 2024, ukaanza kutumika. Misri na Sudan hazijausaini.

Wakati huo huo, bwawa kubwa la umeme linalobeba jina la Julius Nyerere, la megawati 2,115, limejengwa na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa mkataba uliosainiwa Desemba 2018. Limejengwa Mto Rufiji, ambao maji yake yanaishia Bahari ya Hindi.